Nenda na Fundi: Mwongozo wa Kutembelea Nyumba za Walowezi Ukitokea Ngarenaro

Mwongozo huu ni wa mtu wa Ngarenaro mwenye siku moja ya mapumziko, nauli mfukoni na hamu ya kuziona nyumba za mashambani walizojengewa walowezi chini ya Mlima Meru na ng'ambo ya Namanga. Wapo wanaodhani nyumba hizo ni za mtalii mwenye kofia pana na kamera ya kubebwa na watu wawili. Mimi nasema mgeni anayezifaa kuliko wote ni mtu aliyekulia jirani na sauti ya randa. Huyo anajua kwamba fundi aliyeahidi Jumamosi huja Jumanne, na kwamba akija hiyo Jumanne akafanya kazi safi, husamehewa yote. Akiingia sebuleni kwa mlowezi, macho yake hayahangaiki na picha ya mwenye nyumba. Yanapanda moja kwa moja kwenye kenchi.

Kanuni mama ni hii: fuata mikono. Habari za aliyelala ndani utaambiwa utake usitake. Za aliyejenga itabidi uzitafute mwenyewe.

Somo fupi kabla ya nauli

Katikati ya karne ya 19, viwanda vya Uingereza vilikuwa vikimwaga sokoni viti, vikombe na mapazia kwa maelfu, vyote vikiwa na mapambo ya kubandika yasiyo na maana. Kijana mmoja aliyezaliwa 1834, William Morris, alichukizwa. Mwaka 1859 alimkabidhi rafiki yake Philip Webb kazi ya kumchorea nyumba huko Bexleyheath, nje kidogo ya London, na kufikia 1860 nyumba ilikuwa imesimama: matofali mekundu yaliyoachwa wazi bila lipu ya kuyaficha, paa la vigae lenye mteremko mkali, na kisima uani kilichovishwa paa lake lenyewe kama mtu mzima. Inaitwa Red House, na bado ipo. Fanicha za madukani hazikuwaridhisha, basi Morris na marafiki zake wakazitengeneza na kuzichora wenyewe, na mwaka 1861 wakafungua kampuni. Morris hakuishia kutoa amri. Alijifunza kutia nyuzi rangi kwa mikono yake, hadi mikono ikageuka buluu kwa nili.

Kutokana na watu hao likakua vuguvugu la Sanaa na Ufundi. Imani yao naweza kuieleza kwa mtu yeyote anayesubiri daladala pale Kilombero na akanielewa kabla gari halijajaa: jenga kwa jiwe la pale pale, acha ubao uonekane kuwa ni ubao, usifiche kiungo kilichoungwa vizuri, na umheshimu fundi kama unavyomheshimu daktari. Kitu kimoja kiliwashinda. Kazi ya mkono huchukua muda, muda ni pesa, na wanunuzi wao wakawa walewale matajiri. Morris aliyeingia usoshalisti mwaka 1883 aliumia kwa hilo mpaka kifo chake mwaka 1896.

Upande wa bustani, kina mama walikuwa na Gertrude Jekyll, mtu wa taraza na brashi ambaye macho yalimdhoofika akahamishia rangi zake kwenye udongo. Alipanga maua kwa rangi, kuanzia zilizopoa hadi zinazowaka na kurudi. Kijana Edwin Lutyens alimjengea nyumba ya Munstead Wood miaka ya 1896 na 1897 kwa jiwe la jirani na mbao za mialoni ya mtaa ule ule. Mchoraji William Nicholson alipoagizwa kumchora bibi huyu, alichora pia buti zake za bustani peke yake, zimechakaa na zimeshika tope, na picha hiyo leo imo katika hazina ya Tate huko London. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia.

Vuguvugu lilifikaje kwetu? Lutyens alipokuwa kijana alifanya kazi ofisi moja London na Herbert Baker. Baker huyo ndiye aliyekuja kuchora majengo makubwa ya Nairobi katika miaka ya 1920, likiwemo lile ambalo leo ni Ikulu ya Kenya, na shule ambayo leo ni Nairobi School. Walowezi wa kawaida hawakuwa na Baker. Wao waliiga walichokumbuka kutoka kwao: kuta nene za jiwe la karibu, baraza pana, mahali pa kuotea moto, bustani inayokuja hadi mlangoni. Nyumba nyingi utakazoziona hazina cheti cha vuguvugu lile, lakini ni binamu zake wa damu.

Nani wa kwenda naye

Nenda na fundi. Seremala akipatikana ni bora, mwashi ni bora zaidi, na ukiwapata wote wawili chukua siti ya nyuma uwaache wabishane. Mlipie nauli na chakula, maana unamwondoa kazini. Usimchukue fundi unayemdai kabati, wala anayekudai malipo ya mwisho. Mtazungumza deni kuanzia Sanawari hadi mwisho wa safari na nyumba hamtaiona.

Mtu wa pili wa kumchukua ni bibi au shangazi mwenye mkono wa bustani. Wa tatu ni mtoto wa shule, kwa sababu watoto huuliza yale ambayo sisi tunayamezea kwa adabu. Mtoto akiuliza, "Watu waliokuwa wanakaa hapa mwanzo walienda wapi?", usimfinye. Msogeze karibu na mwongozaji ili jibu lisikike.

Vaa viatu vya kutembelea kwenye majani mabichi. Nguo ziwe safi na za heshima, lakini usivae kama unayekwenda kuposa. Ukifika getini, mlinzi ndiye mwenyeji wako wa kwanza. Kama amekuzidi umri, mpe shikamoo yake kamili, msikilize marahaba yake, muulize habari za nyumbani, kisha ndipo useme shida yako. Mlinzi aliyesalimiwa vizuri anajua vitu ambavyo havimo kwenye kipeperushi chochote: mti gani ulipandwa lini, bomba lilipasuka wapi, nani anapika jikoni.

Anza karibu

Kabla hujatoka mjini, fanyia macho mazoezi kwenye Boma la Wajerumani, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kutoka Ngarenaro unatembea kwa miguu tu. Boma si nyumba ya shamba wala halina uhusiano na Morris. Ni ngome ya kijeshi iliyojengwa mwaka 1900. Lakini ni darasa zuri la kuta. Simama kwenye kona, mahali kuta mbili zinapokutana, umwombe fundi wako akueleze zilivyofungwa. Kona ndiyo inayomsema mwashi; katikati ya ukuta kila mtu anaweza kujificha. Halafu jiulize mawe yalifikaje hapo. Yalibebwa na Waarusha na Wameru waliolazimishwa baada ya vita vya kuwaadhibu, na katika ukuta ule jasho lao ni sehemu ya udongo. Ukishaweza kuziona hizo mbili kwa pamoja, ufundi na shuruti, uko tayari kupanda gari.

Panda daladala ya Usa River. Kuanzia Tengeru na kuendelea, nyuma ya michongoma na miti mirefu ya kando ya mito, ndiko yaliko mashamba ya zamani ya Wajerumani, Wagiriki na Waingereza, na baadhi ya nyumba zake sasa ni hoteli. Hapo kuna adabu zake. Piga simu kabla ya kwenda, uulize kama wanapokea wageni wa chakula cha mchana, na uulize bei ya sahani kabla hujakaa kitini. Chai ya bustanini inaweza kugharimu sawa na mchele wenu wa siku kadhaa. Agiza moja, inywe polepole, uangalie paa. Na tafadhali usiingie kinyonge. Usiombe radhi kwa kuwepo. Mtu wa Arusha kukaa kwenye baraza linalotazama Meru si tukio la ajabu linalohitaji maelezo.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, pita Hifadhi ya Taifa ya Arusha hadi Momella. Hapa ndipo alipoweka shamba Margarete Trappe, Mjerumani aliyekuja na mumewe Ulrich mwaka 1907, akaishi chini ya mlima huu karibu maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1957. Alikuwa mpanda farasi na mwindaji, na alipoteza shamba lake baada ya Vita vya Kwanza kabla ya kulipata tena. Baadaye alikuja mwigizaji Hardy Krüger, aliyefika kwetu kucheza filamu ya Hatari! pamoja na John Wayne. Filamu ilitoka mwaka 1962, na Krüger akaupenda mlima akabaki kwa miaka kadhaa. Makazi yake na ya meneja wake ndiyo leo Hatari Lodge. Tazama, kula kama una uwezo, hesabu twiga.

Lakini ukiwa Momella, geuza uso kaskazini kuelekea Engare Nanyuki, umwombe dereva azime injini. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka eneo hilo ili ardhi iwe ya walowezi wa Kizungu, na nyumba zao zikachomwa moto. Kirilo Japhet alisafiri hadi New York mwaka 1952 kuuambia Umoja wa Mataifa habari hiyo, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria kutoka Bermuda. Haki haikupatikana siku ile, ila dunia ilisikia jina la Meru, na Tanganyika nzima ikajua kwamba jambo la ardhi linaweza kusemwa mbele ya wakubwa kwa sauti ya kawaida.

Ninaileta habari hii kwenye mwongozo wa kutembelea nyumba kwa sababu ya kile Morris alichokihubiri. Jiwe la pale pale, mti wa pale pale, mkono wa mwenyewe, hakuna kificho: nyumba nyingi zilizochomwa Engare Nanyuki zilikuwa hivyo. Zilijengwa kwa miti na nyasi za eneo lile, na waliolala ndani ndio waliozijenga. Hazikuandikwa kwenye kitabu cha usanifu. Mtu anayekuja kusifia baraza lililobaki lazima awe na nafasi kichwani kwa nyumba hizo pia, la sivyo ameona nusu.

Karatu, kwenye shamba la Gibb, nakutaja kwa haraka tu. Ni shamba la kahawa lililoanza katika miaka ya 1920, James Gibb akalinunua mwaka 1948, na miaka ya 1970 likaanza kupokea wageni. Watu huenda kula mboga zinazotoka bustanini pale pale. Nenda ukiwa na sababu nyingine ya kwenda Karatu.

Ng'ambo ya Namanga

Nyumba ambayo nataka uifikie ni ile ya mwandishi Karen Blixen, Nairobi. Ni makumbusho ya umma, mlango uko wazi kwa kila mwenye tiketi, na hakuna anayekuuliza kama umekodi chumba. Basi dogo la asubuhi kutoka Arusha linachukua saa tano au sita pamoja na shughuli za mpakani. Beba pasipoti au hati ya dharura ya safari, na cheti cha homa ya manjano usikisahau kabatini. Mifuko ya plastiki iache: Kenya waliipiga marufuku mwaka 2017, sisi tukafuata 2019. Chukua kikapu cha ukindu. Getini uliza bei ya raia wa Afrika Mashariki kabla hujatoa pesa ya aina yoyote.

Kipeperushi kitakwambia hivi, na ni kweli. Nyumba ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Karen na mumewe Bror walihamia mwaka 1917, shamba likiwa na ekari 4,500, kahawa ikiwa kwenye ekari 600. Ardhi ile ilikuwa juu mno kwa kahawa. Mkulima yeyote wa Akeri au Poli akikaa pale hadi jioni ubaridi ushuke ataelewa bila kuonyeshwa daftari la hasara. Mume aliondoka mwaka 1921, mama akaendesha shamba peke yake, kiwanda chake cha kahawa kikaungua, bei ikaporomoka, na mwaka 1931 alifungasha akarudi Denmaki. Kitabu alichokiandika kuhusu maisha hayo kilitoka mwaka 1937. Mwaka 1964 serikali ya Denmaki iliinunua nyumba ikaizawadia Kenya kwa ajili ya uhuru, ikawa chuo cha lishe. Ndipo ikaja filamu ya mwaka 1985 iliyotokana na kitabu hicho, ya Meryl Streep na Robert Redford, na mwaka uliofuata makumbusho yakafunguliwa. Ukikutana na mgeni anayetafuta kitanda alichokiona kwenye filamu, msaidie: sehemu kubwa ya mambo ya nyumbani katika filamu ilipigwa kwenye nyumba ya kwanza ya Karen, Mbagathi, na kwenye nakala iliyojengwa kwa kazi hiyo.

Sasa anza kazi uliyoijia. Kaa nje kwanza. Zunguka nyumba yote kabla hujaingia. Kuta ni za jiwe la kijivu, na hakuna aliyejaribu kuzifanya zionekane kitu kingine. Kwa miaka mia moja na zaidi jiwe hilo halijahitaji kupakwa rangi kwa ajili ya Krismasi. Tazama linavyokaa juu ya jingine, tazama kina cha baraza kilivyopimwa ili jua la mchana lisifike chumbani na la jioni likaribishwe. Mwambie fundi wako anyamaze kidogo halafu umuulize: hii ungeijenga kwa siku ngapi? Jibu lake litakufundisha zaidi ya kibao chochote.

Inua macho kwenye vigae. Ni vya namna ya vile vya Mangalore unavyoviona kwenye majengo ya zamani ya Moshi, Mombasa na Unguja. Katika miaka ya 1860 wamisionari wa Basel walianzisha kiwanda huko Mangalore, pwani ya India, na udongo wa mto wa kule ukaanza kuvuka bahari kuja kuezeka Afrika Mashariki. Kigae cha namna hii kina chapa ya kiwanda chake kwa chini. Kampuni ilijua kuweka jina kwenye kazi yake. Mwashi aliyekipanga juani, akitembea kwenye kenchi bila kamba, mara nyingi hakuachiwa hata herufi moja. Nataka mtu wa Ngarenaro akasirike kidogo akiwa hapo, kisha aendelee kutazama, kwa sababu hasira hiyo inatia macho nguvu.

Ndani, usiguse chochote. Fundi wako atataka kupiga magoti aangalie chini ya meza, maana chini ya meza ndipo seremala husema ukweli: juu ni msasa na nta, chini ni randa na patasi. Mwache apige magoti, ila mwambie mwongozaji mapema asidhani kuna kitu kimedondoka. Tazama mbao za ukutani zilivyokutana. Tazama bawaba, tazama kitasa. Linganisha na mlango wako uliochongwa kwa mbao mbichi na ambao tangu masika umekataa kufunga. Ukirudi, acha kumlaumu fundi kwa mlango huo. Uliinunua mbao ikiwa bado inalia maji kwa sababu ulitaka kuhamia kabla ya sikukuu.

Tumia muda mrefu kuliko pote jikoni. Hapa alifanya kazi Kamante Gatura, aliyeletwa kwenye matibabu akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akapona kwenye misheni ya Waskoti, akawa mpishi ambaye wageni wa Ulaya walimkumbuka hadi kwao. Kamante ana bahati ambayo wajenzi hawakuipata. Mwaka 1975, uzeeni, kumbukumbu zake zilichapishwa kwenye kitabu, kwa msaada wa mpigapicha Peter Beard, na hadithi ya nyumba ile ikapata msimulizi wa upande wa pili wa sufuria. Taja jina lake kwa sauti ukiwa jikoni. Mtaje na Farah Aden, Msomali aliyeisimamia nyumba na hesabu zake. Mwongozaji akigundua unawajua hao, ziara yako itabadilika. Atakuonyesha vitu ambavyo wa kofia pana huvipita.

Muulize pia habari za Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kulima ndani ya shamba lile. Shamba lilipouzwa, Karen alizunguka ofisi za serikali hadi wakapewa mahali pa kukaa pamoja huko Dagoretti. Alifanya jambo jema, na nampa sifa yake. Linauma vilevile, kwamba watu waombewe kipande katika nchi ya babu zao na mtu aliyefika juzi kwa meli. Shika yote mawili. Kichwa cha mtu mzima kinatosha.

Bustani

Hapa mpe usukani yule bibi au shangazi. Wewe beba kikapu.

Usiingie bustanini kwa kuuliza majina ya Kilatini. Tafuta mtunza bustani alipo, msalimie, umuulize mambo matatu: samadi inatoka wapi, maji yanatoka wapi, na mti gani unamsumbua. Swali la tatu ndilo linalofungua kinywa. Utaambiwa mjakaranda unavyochafua majani, na kwamba asili yake ni Amerika Kusini. Bogonvilia nayo ilitoka Brazil. Bustani hizi za milimani zimejaa wageni waliozoea kuliko wenyeji, na wenyeji wenyewe, mringaringa na msesewe, mara nyingi wako pembezoni wakifanya kazi ya kivuli bila kupigwa picha.

Usikate kitawi ukakificha kwenye mkoba. Nawajua. Mama zetu wana bustani nzima za vitawi vilivyotoka harusini, makanisani na mbele ya ofisi za halmashauri. Omba, na mara nyingi utapewa, pengine na maelekezo ya kukipanda. Lakini kitawi cha Nairobi kisivuke Namanga bila cheti cha afya ya mimea; magonjwa ya waridi hayasimami kugongesha muhuri, na kati ya Tengeru na Usa River kuna watu wengi ambao mshahara wao unatokana na mashamba ya maua.

Kisha linganisha. Jekyll alipanga bustani kwa rangi, na alikuwa bingwa. Mmeru na Mchaga walipanga kwa mwanga. Juu kabisa miti mikubwa inayopunguza jua, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na mboga, mfereji ukipita pembeni, na masale yakionyesha mpaka kwa amani bila ukuta. Bustani hiyo ililisha familia, ng'ombe wa ndani na soko kwa wakati mmoja. Kihamba cha Shimbwe Juu, yaani bustani ya namna hiyo upande wa Kilimanjaro, kilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia. Mtu aliyelelewa kwenye shamba la namna hiyo anaposimama mbele ya ukoka mpana uliokatwa sawasawa, ana haki ya kuusifia kwa upole, kisha kumuuliza mtunza bustani kwa nini nafasi yote hiyo haina hata mgomba mmoja. Niliwahi kumsikia mama mmoja akiuliza hivyo. Mtunza bustani alicheka, akamwonyesha migomba yake mwenyewe nyuma ya stoo.

Kabla hujatoka

Picha piga, ila baada ya kutazama. Mpige fundi wako mbele ya kona aliyoipenda. Picha hiyo ataitumia kujitafutia kazi, na mtakuwa mmelipana.

Mwisho ni daftari la wageni, na hapa nakusihi usikimbilie basi. Wengi huandika "pazuri sana" wakaenda. Wewe kaa chini. Kwenye jina andika majina ya wote mlioenda, la fundi likiwa la kwanza, na pembeni andika kazi yake: mwashi, seremala, fundi rangi. Kwenye mahali utokako andika Ngarenaro, Arusha. Kwenye maoni, andika kwa Kiswahili na kwa mwandiko unaosomeka: tunaomba yatafutwe na yabandikwe mlangoni majina ya waliochonga mawe, waliopanga vigae na waliochimba bustani hii. Acha namba ya simu ya ofisi ya mtaa wenu au ya kikundi chenu cha mafundi, ili wakipata hata jina moja wawajulishe. Halafu mwonyeshe mlinzi ulichoandika, umuulize kama babu yake au jirani yake alikuwepo, kwa sababu kwenye nyumba hizi jibu la kwanza hupatikana getini.